Wazee Wanainuka Singeli Ikianza: Tufanyeje?

SWALI: Tuna harusi ya dada yetu mwezi ujao, uani, chini ya turubai. Singeli ikipigwa, wazee wanabeba viti wanakwenda kukaa nje. Isipopigwa, vijana wananuna. Dijei apange vipi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Jueni kwanza wanachokikimbia. Singeli huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati dansi aliloselebuka nalo mzee wenu ujanani, la kina Msondo na Sikinde, mara nyingi lilizunguka 120. Mguu uliozoea mwendo ule ukitaka kukanyaga kila pigo la singeli, nusu dakika haiishi umechoka, na mwenye mguu anarudi kitini. Tunamwita mkaidi bure. Hesabu ndiyo imempotea.

Dawa ni kuhesabu pigo moja na kuruka moja. Singeli ya 240 inageuka 120, na hapo mzee yuko nyumbani. Aanze na makofi: pa, kimya, pa, kimya. Yakikaa sawa, aingize mabega, miguu ije mwisho. Mtafuteni shangazi mmoja mchangamfu mumfundishe mapema, maana wenzake wakimwona anaweza, watamfuata. MC asiwaite kwa kipaza sauti, "wazee wetu simameni". Hapo ndipo wanapokumbuka magoti.

Mpangilio nao una kazi. Dijei aanze na dansi, nyimbo tatu au nne, apite kwenye rusha roho, kisha mchiriku, ndipo singeli. Mchiriku ndio daraja lenyewe: ule muziki wa vinanda vidogo vya Casio uliotamba uswahilini Dar miaka ya 1990, na singeli imetoka humo. Wenye miaka 45 na kuendelea wanaujua vizuri. Tena, zipo singeli zilizokata kipande cha taarab na kukizungusha kwa kasi. Ipigwe taarab yenyewe kwanza, halafu singeli iliyobeba kipande chake. Mzee atakitambua kabla hajakunja uso.

Singeli ya kwanza isizidi 200. Mashine nyingi za dijei zinaruhusu kupunguza mwendo kwa asilimia 8, kwa hiyo wimbo wa 215 unashuka hadi 198 hivi. Mwanzoni ipewe robo saa tu, kisha irudi baadaye kwa muda mrefu zaidi. Kinachoharibu shughuli nyingi ni kuruka kutoka rumba ya 110 hadi singeli ya 260 kwa mpigo mmoja.

Spika zisitazame meza ya wazee. Mahali pa wazi, ukiwasogeza kutoka mita 5 hadi mita 10, sauti inapungua karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na inakuwa rahisi zaidi mtu kuongea na jirani yake.

SWALI: Baba analalamika kwamba nyimbo za siku hizi hazina maneno. Tukiongeza sauti, anazidi kulalamika. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Msiongeze. Umri ukienda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba *s, f, t* na *sh*. Besi anaisikia vilevile, kwa hiyo mkiongeza sauti mnamwongezea besi inayoyafunika maneno. Tena masikio ya wazee wengi huumizwa upesi na sauti kubwa, hata kama ile ndogo hawaisikii.

Punguzeni besi kwa desibeli 4 hadi 6, kisha, kwenye vitufe vya kurekebisha sauti, pandisheni eneo la hezi 2,000 hadi 4,000 (hezi hupima wembamba wa sauti) kwa desibeli 3. Kama redio haina vitufe hivyo, shusheni besi tu na mumsogeze karibu. Usikivu ukishuka ghafla, au upande mmoja tu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Wanangu wa miaka 14 na 17 huzima taarab asilia kabla mwimbaji hajafungua mdomo. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo, kwa sababu wanasubiri mwimbaji. Fidla, udi na ganuni hutangulia kwa muda mrefu, na kijana aliyezoea kusikia sauti ya mtu ndani ya sekunde 10 anadhani wimbo haujaanza. Usianze na ala. Soma nao beti mbili kama fumbo, uwaulize: anasemwa nani hapa? Wakishabishana, wawekee wimbo kuanzia ubeti wa kwanza. Ala za mwanzo zitapata siku yake.

Kisha wimbo huohuo, mara moja kwa siku kwa wiki mbili, kwa sauti ndogo, wakati wa kupika. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara hutufanya tukipende zaidi. Ila kwa kitu ambacho mtu amekichukia tangu mwanzo, kukirudiarudia kunaweza kumzidishia chuki. Wakinung'unika, badilisha wimbo. Na usiuweke baada ya kuwagombeza, utauchukiza wimbo wa watu bure.