Meli za kuvua kamba nazo zinaweza kubanwa

Kaka, umesema sheria za uvuvi humbana mvuvi wa ngalawa tu, meli kubwa haziguswi. Malalamiko yako yana msingi, lakini tazama Ghuba ya Ungwana kule Kenya, Mto Tana unapoingia baharini. Meli za kamba zilikuwa zikikokota nyavu karibu mno na ufuo. Zilichana nyavu za wenyeji, zikavuruga sakafu ya bahari, na pamoja na kamba zikazoa samaki wachanga, ambao walirudishwa majini wameshakufa. Mwaka 2006 zikasimamishwa. Ziliporuhusiwa tena 2011 zilikuta masharti: zikae nje ya maili 3 za baharini kutoka pwani, zipumzike kwa msimu maalumu, na nyavu ziwe na tundu la kasa kutokea.

Karatasi peke yake hailindi bahari, hapo tuko pamoja. Mimi ningekazia zaidi huo umbali, maana maji ya kina kifupi jirani na mikoko ndiko samaki wanakokulia. Halafu ndani ya kila meli awemo mkaguzi, na wavuvi wa BMU, yaani kikundi cha wenyeji cha kusimamia ufuo, wakiiona imevuka mpaka usiku, wawe na mtu wa kumpigia simu usiku huo huo.