Tangazo la kipengele kipya linarudi hata likifungwa

Ndugu, dirisha linalotangaza kipengele kipya cha programu yako likirudi baada ya mtumiaji kulifunga, angalia kwanza unapohifadhi alama ya "ameshaona". Ukiiweka kwenye kivinjari, akibadili simu au akifuta data, tangazo linafufuka. Iweke kwenye hifadhidata, chini ya akaunti yake, pamoja na namba ya tangazo lenyewe. Usitumie namba ya toleo la programu. Kila marekebisho madogo yataliamsha upya. Linganisha pia tarehe ya tangazo na siku akaunti ilipofunguliwa: kwa aliyejiunga leo kila kitu ni kipya, utamchosha bure. Na hilo dirisha la katikati ya skrini, mimi ningeliondoa. Kitone chekundu kwenye alama ya kengele ya arifa kinatosha, isipokuwa umehamisha kitufe ambacho watumiaji wamekizoea.