Jenereta yatema mafuta meusi kwenye bomba la moshi

SWALI: Hoteli yetu ya Kondele, Kisumu, ina jenereta ya dizeli ya kVA 60. Stima ikipotea tunawasha taa na friji tu, kama kilowati 5. Sasa bomba la moshi linadondosha mafuta meusi. Je, injini imekufa? Na dizeli hugeukaje umeme?

JIBU: Haijafa, ila ina njaa ya kazi. Pistoni hubana hewa mpaka ipite nyuzi 500 za Selsiasi, nozeli inanyunyiza dizeli, nayo inawaka yenyewe bila plagi ya cheche. Mlipuko unasukuma pistoni, krenki (fito inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) inazunguka na kuzungusha sumaku ndani ya koili za shaba. Hapo ndipo umeme unapozaliwa. Sumaku ya ncha nne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, unapata hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde.

Kilowati 5 ni kama asilimia 10 tu ya uwezo wa mashine hiyo (kVA 60 ni takriban kilowati 48). Silinda hazipati joto la kutosha, ringi za pistoni hazibani vizuri, dizeli isiyoungua inachanganyika na masizi na kutiririka nje. Usikubali kuuziwa injini mpya!

Iendeshe saa mbili hadi nne ikibeba asilimia 70 au 80, ukipandisha mzigo wa umeme polepole. Hita za maji zinafaa kuwa mzigo huo. Moshi utakuwa mzito mwanzoni. Bomba likiendelea kudondosha, fundi apime nozeli na mbano wa hewa kwenye silinda. Baadaye usiiache chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu.