Alopurinoli au probenesidi: namba ikishuka, ndani ya mshipa kunatokea nini?

Mkuu, umeuliza: kama dawa za jongo, alopurinoli na probenesidi, zote zinashusha yuriki (asidi iliyomo kwenye damu), mtu mwenye presha atapata tofauti gani akitumia hii au ile? Na je, kolkisini, ile dawa ya kutuliza maumivu ya jongo, peke yake haitoshi? Swali la kwanza lilininyima usingizi, maana nina jongo, yaani fuwele za yuriki zinazoumiza viungo, mwaka wa tisa sasa na presha ilinikuta njiani. Mimi si daktari. Ni mgonjwa msumbufu anayeuliza sana.

Anza na kiwanda. Yuriki ni masalia ya purini (vitu vilivyomo kwenye seli zetu na kwenye vyakula kama nyama), na hatua mbili za mwisho za kuitengeneza hufanywa na kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi. Shida ni kwamba kikifanya kazi kinatoa pia sumu mbili za oksijeni, superoksidi na peroksidi ya haidrojeni. Mimi naziita moshi wa kiwanda. Kimeng'enya hicho hakiko kwenye ini tu. Kipo hata kwenye seli zinazotandika mshipa kwa ndani, na kile kinachoelea kwenye damu hunasa juu ya seli hizohizo. Superoksidi huiharibu naitriki oksaidi, gesi ambayo mshipa huitoa ili ulegee na kutanuka. Gesi ikipungua, mshipa unakakamaa.

Yuriki yenyewe ina sura mbili. Ikiwa kwenye majimaji ya damu husaidia kuzima sumu za oksijeni, ila ikiingia ndani ya seli huchochea zilezile. Inaingia kupitia milango kama GLUT9 na URAT1. Maabara wakilowesha seli za mishipa kwenye yuriki nyingi, naitriki oksaidi hupungua. Wakitia probenesidi, mlango unabanwa na madhara yanapungua.

Hapo ndipo nilipodhani nimepata jibu, kwamba dawa yoyote ni sawa. Sivyo. Probenesidi kazi yake kubwa iko kwenye figo: inazuia yuriki isirudishwe kwenye damu, inatoka na mkojo (kunywa maji mengi, la sivyo mawe ya figo yatakutembelea). Kiwanda kinaendelea kufuka moshi kama kawaida. Alopurinoli, ambayo mwilini hugeuka oksipurinoli, inakifunga kiwanda chenyewe. Dawa nyingine, febuksostati, nayo hivyohivyo, na inakifikia vizuri zaidi kile kimeng'enya kilichonasa ukutani.

Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walipima jambo hili kwa watu wenye moyo dhaifu. Alopurinoli miligramu 600 iliifanya mishipa ya mkono itanuke vizuri zaidi. Probenesidi ilishusha yuriki kwa kiasi kinachokaribiana, mishipa ikabaki vilevile. Namba ileile, mshipa tofauti! Nilipousoma utafiti huo nilikaa kimya kama dakika tano.

Lakini usikimbilie kushangilia. Utafiti wa ALL-HEART wa Uingereza, uliotangazwa 2022, uliwapa alopurinoli wagonjwa wa moyo wasio na jongo. Watu zaidi ya 5,700 walifuatiliwa kwa miaka, na mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikupungua. Febuksostati nayo ilitia watu hofu mwaka 2018, utafiti wa CARES uliposema vifo vya moyo vilikuwa vingi kuliko kwa alopurinoli; utafiti wa FAST wa 2020 haukuliona hilo. Kwa hiyo mtu akikuambia umeze alopurinoli ili kulinda moyo tu, mwulize maswali.

Mimi nilianza vibaya. Niliandikiwa alopurinoli miligramu 300 kwa mkupuo, wiki ya pili kidole gumba kikawaka moto, nikaitupa dawa nikiamini ndiyo iliyoniumiza. Kumbe yuriki ikishuka ghafla, fuwele za zamani huanza kuyeyuka na kuchokoza kiungo. Mwaka mzima nilipoteza. Daktari mwingine alinianzisha na 100, akawa anapandisha polepole, na kolkisini ndogo kwa miezi sita ya kwanza. Yuriki yangu ilitoka miligramu 9.4 kwa desilita ikafika 5.3; lengo ni chini ya 6, yaani maikromoli 360 kwa lita.

Kilichonishangaza zaidi ni dawa ya presha. Nilikuwa kwenye zile za kukojoza za kundi la thiazidi, nazo hupandisha yuriki. Tukabadili kwenda losatani, ambayo inaibana URAT1 kwenye figo na kuishusha yuriki kidogo. Dawa moja, kazi mbili. Muulize daktari wako kuhusu hili kabla hata ya kubishana juu ya probenesidi. Na ukipata vipele ukiwa kwenye alopurinoli, acha siku hiyohiyo na urudi hospitali. Usisubiri kesho.

Kolkisini haigusi yuriki kabisa. Inatuliza chembe za ulinzi zinazozishambulia fuwele, basi. Maumivu yanaisha, wewe unaona umepona, na fuwele zinaendelea kujijenga kwenye kiungo kimyakimya. Ajabu ni kwamba kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo, utafiti wa COLCOT wa 2019 uliona dozi ndogo yake ikipunguza matukio ya moyo na mishipa, ingawa yuriki haikuhusika hapo. Ila wewe namba yako umeandika ni 10.1, mkuu. Kolkisini haitaishusha hata nukta.