Simu ikihama mnara, uliza muktadha uko wapi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mitandao hapa Malindi, malalamiko haya yatakufikia mapema: mteja yuko kwenye basi la Lamu, amepita Gongoni kuelekea Garsen, simu imehama mnara na sauti ikapotea. Wengi hukimbilia kupima nguvu ya mawimbi. Pima, ndiyo, lakini vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya njia yanayotangulia kila kifurushi cha data, navyo vichunguze.

Simu ya sauti kwenye LTE, yaani mtandao wa 4G, hutoa pakiti kila milisekunde 20. Sauti yenyewe ni kama baiti 32, ilhali vichwa vya IP, UDP na RTP, itifaki tatu zinazoibeba, vikijumlishwa ni baiti 40, na kwa IPv6, toleo jipya la IP, ni 60. ROHC, mbinu ya kubana vichwa iliyotolewa kama RFC 3095 (hati ya viwango vya intaneti) mwaka 2001, huvibana vikabaki baiti chache tu, hata moja. Inawezekana kwa sababu pande zote mbili, simu na mnara, zinakumbuka anwani na bandari (namba za programu zinazowasiliana), na zinajua namba za mfuatano zinavyopanda. Kumbukumbu hiyo ndiyo muktadha.

Mnara mpya hauna muktadha huo. LTE kwa kawaida huanza upya: vichwa kamili hutumwa tena, na gharama hiyo huja pale pale mawimbi yalipo dhaifu. Muktadha wa zamani huendelezwa mtandao ukiiagiza simu hivyo, tena inapohama ndani ya kituo kilekile. Kwa hiyo jua kwanza kama seli zote mbili, yaani eneo la mawimbi inalotoka simu na lile inaloingia, ni za kituo kimoja.

Hapa ndipo nawaomba vijana mtulie. Kuhamisha muktadha kwenda mnara mpya kunavutia, lakini nakala yake iliyochelewa ni hatari kuliko kukosa nakala. Asiye na muktadha anajua hajui. Mwenye muktadha uliopitwa anafungua pakiti kwa kujiamini. Kichwa kidogo kabisa cha ROHC kina biti 4 za namba ya mfuatano, yaani hutofautisha pakiti 16, ambazo ni milisekunde 320 za mazungumzo. Nakala ikibaki nyuma zaidi ya hapo, namba husomwa vibaya. CRC yake, namba ya kukagua makosa, ni biti 3 tu, kwa hiyo takriban kosa moja kati ya manane linaweza kupita bila kugunduliwa. Mimi ningechagua kuanza upya.

Ukifungua rekodi za mtandao (logi), ukaona pakiti kubwa mara baada ya kuhama, kisha sauti ikarudi, huko ni kuanza upya kwa kawaida. Pakiti zikibaki ndogo, zinafika, na sauti haipo, achana na antena kwanza ukague muktadha.