Kiendelezi Kikibofya kwa Niaba Yako: Maswali na Majibu

Kila siku nanakili majina na namba za simu kutoka mfumo wa wateja kwenda kwenye lahajedwali. Nianzie wapi?

Kwanza tazama kama mfumo wenyewe una kitufe cha kupakua faili ya CSV (faili ya jedwali inayofunguka kwenye lahajedwali). Kikiwepo, kazi imekwisha, huhitaji kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari).

Kisipokuwepo, sakinisha kiendelezi cha kurekodi, yaani kinachokumbuka mibofyo yako na kuirudia, kwa mfano Automa au UI.Vision. Washa rekodi, hamisha mteja mmoja tu, kisha izime. Rekodi hiyo bado ni mbichi, maana inamjua mteja huyo mmoja. Iweke ndani ya kitanzi, yaani amri ya kurudia, kinachopita orodha nzima. Kwenye lahajedwali ongeza safu wima ya "Tayari". Kila mzunguko umalizike kwa kuandika "ndiyo" hapo, na uanze kwa kuruka wenye "ndiyo". Mtandao ukikatika kwa mteja wa 47, utaendelea na huyo huyo badala ya kurudia wote. Safu ya simu ipe muundo wa maandishi mapema, la sivyo sifuri ya mwanzo itamezwa. Jaribu wateja watatu kabla ya kuachia mia tatu.

Jana rekodi ilikwenda vizuri, leo inabofya hewani. Imekuwaje?

Karibu kila mara ni anwani ya kitufe. Fungua hatua iliyokwama uisome: utakuta kitu kama `div:nth-child(7) > button`, yaani "kitufe kilicho ndani ya kisanduku cha saba". Wenye tovuti wakiongeza tangazo juu ya ukurasa, cha saba kinakuwa cha nane. Majina ya darasa (lebo za mwonekano ndani ya msimbo wa ukurasa) yanayofanana na `css-1x9k2f` nayo ni ya kupita tu. Hutengenezwa na mashine na hubadilika tovuti inaposasishwa.

Bofya kitufe hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kukagua (Inspect) ili uone msimbo wake, kisha tafuta humo lebo ya `name`, `data-testid` au `aria-label`. Anwani kama `button[aria-label="Hifadhi"]` hudumu zaidi. (Ila ukibadili lugha ya akaunti, "Hifadhi" haipo tena na mambo yanaharibika upya. Ndiyo maana `data-testid`, ikiwepo, ni bora.)

Anwani ikiwa sawa, shuku muda. Programu nyingi za mtandaoni huleta ukurasa mtupu kwanza na data baadaye. Ondoa "subiri sekunde 2" uweke "subiri hadi kipengele kionekane", na ukomo wa sekunde 30.

Nikihamia kichupo kingine, kazi inazorota. Kompyuta yangu ni dhaifu?

Hapana, ni kivinjari kinachobana matumizi. Chrome huruhusu vipima muda vya ndani vya ukurasa uliofichwa kuamka mara moja kwa sekunde, na tangu toleo la 88, la mwaka 2021, ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika 5 na usiotoa sauti unaweza kushushwa hadi mara moja kwa dakika. Hatua ya nusu sekunde inaweza kugeuka dakika nzima.

Toa kichupo hicho kwenye dirisha lake, na usilifunike lote. Dirisha lililozibwa kabisa nalo huhesabiwa kuwa limefichwa. Kompyuta ikilala, kila kitu kinalala. Kazi ya usiku wa manane ipeleke kwenye huduma kama Zapier au Make, ambazo hufanya kazi kwenye seva zao bila kutegemea kivinjari chako.

Kiendelezi kinaomba kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote. Nikubali?

Usikubali zote. Ni kweli kwamba kiendelezi cha kurekodi hakiwezi kufanya kazi bila kuusoma ukurasa, lakini wewe unahitaji tovuti mbili tu: ya mfumo wa wateja na ya lahajedwali. Ingia `chrome://extensions`, fungua maelezo yake, uweke ufikiaji wa tovuti mahususi, kisha ziandike hizo mbili.

Kiendelezi hakihitaji nenosiri lako, kwa sababu kinaketi ndani ya akaunti uliyokwisha kuifungua. Uthibitishaji wa hatua mbili hauwezi kukizuia hapo. Tena kiendelezi chema leo chaweza kubadili mikono kesho: kiendelezi cha The Great Suspender kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Mimi ningefungua wasifu wa pili wa kivinjari kwa ajili ya kazi hizi tu, uliounganishwa na tovuti hizo mbili pekee, bila barua pepe binafsi wala benki.

Nilituma barua pepe 600 kwa Gmail, nikazuiwa kutuma. Kiendelezi kimekosea?

Hakikukosea. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku. Kizuizi huondoka chenyewe, kwa kawaida ndani ya saa 24. Gawanya orodha kwa siku mbili.

Mbona kinakwama dirisha la kuchagua faili likifunguka?

Dirisha hilo ni la mfumo wa kompyuta, si la ukurasa, kwa hiyo kiendelezi hakilioni. La kuchapisha nalo si sehemu ya ukurasa. UI.Vision ina moduli za ziada, zinazosakinishwa kando, za kugusa vitu vilivyo nje ya kivinjari. Kama faili ni moja au mbili kwa siku, zichague kwa mkono.