pH kushuka kwenye tangi la maji chumvi

Kaka, umeuliza mbona pH (kipimo cha asidi ya maji) ya tangi lako la samaki na matumbawe inashuka, hiyo 7.7 unayosoma asubuhi isikupe presha, usiku taa zikizimwa mwani unaacha kutumia kaboni dioksidi huku samaki wanaendelea kupumua, gesi inajaa majini na kuyafanya yawe na asidi zaidi, so lazima pH ishuke, na ikicheza 7.7 mpaka 8.3 mi naona poa kabisa. Ila umesema chumba kina AC na madirisha yamefungwa kutwa, hapo ndo penye shida, kaboni dioksidi inajaa ndani. Chota maji ya tangi kwenye glasi upime pH, alafu yapeleke nje barazani uyapige hewa na pampu ndogo kama lisaa hivi, pima tena. Ikipanda ujue ni hewa ya ndani, fungua madirisha au toboa ukuta upitishe ule mpira wa hewa wa skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu) uvute hewa ya nje. Isipopanda pima alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi), iwe 8 mpaka 11 dKH, ndo kipimo chake. Bekingi soda achana nayo please, inapandisha alkaliniti tu na pH haisogei sana, unaongeza unaongeza mwisho ncha za matumbawe zinaungua zinabaki nyeupe. Kama una sampu (tangi dogo la chini la kuchujia maji) weka mwani humo, taa yake iwake usiku ili utumie hiyo kaboni dioksidi.